Filme ya Lumumba na jibu la Munongo: «Wathibitishe»

Tarehe 13 mwezi wa pili 1961, Godefroid Munongo, waziri wa mambo ya ndani wa Katanga iliyojitenga, aliita waandishi wa habari mjini Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi. Aliwaambia kwamba Patrice Lumumba na wenzake wawili, Maurice Mpolo na Joseph Okito, walitoroka kizuizini, wakaanguka mikononi mwa wanakijiji na kuuawa. Kijiji gani? Alikataa kukitaja. Na kwa wale watakaosema kwamba ni Katanga yenyewe iliyoua, alikuwa na jibu tayari: wathibitishe.

Siku ile Lumumba alikuwa amekwisha kufa karibu mwezi mzima. Raia wa Beni, Oicha ao Butembo, ambao kila mara wanasikia juu ya «watu wenye silaha wasiojulikana», watatambua upesi aina hii ya tangazo. Wauaji wapo, lakini hawana majina.

Filme «Lumumba» ya Raoul Peck, iliyotoka mwaka wa 2000, inaanzia palepale ambapo Munongo hakutaka mtu aangalie: Wazungu wawili, msumeno, mapipa, moto. Peck ni Mhaiti, lakini sehemu ya utoto wake aliipitisha Léopoldville, kwa maana wazazi wake walikuja kufanya kazi Kongo baada ya uhuru. Alitamani kusimulia habari ya Kongo, lakini hakuweza kuichukulia picha Kongo. Nchi ilikuwa vitani na imegawanyika. Beni na Butembo zilikuwa chini ya RCD-ML na jeshi la Uganda, Goma chini ya RCD nyingine, Kinshasa chini ya Laurent-Désiré Kabila. Kwa hiyo Léopoldville ya mwaka 1960 ilibidi kutafutwa Beira, nchini Msumbiji, na Zimbabwe. Lumumba aliigizwa na Eriq Ebouaney, Mfaransa mwenye asili ya Kamerun.

Mtazamaji anajua tangu mwanzo kwamba mtu huyu atakufa. Kinachomshika kwenye kiti ni kujua nani anatoa amri, nani anatia sahihi, na nani anageuza uso tu.

Na mambo yalikwenda mbio kweli. Uhuru tarehe 30 mwezi wa sita 1960. Siku chache baadaye askari wanaasi. Tarehe 11 mwezi wa saba Katanga inajitenga. Tarehe 5 mwezi wa tisa rais Kasa-Vubu anamfukuza waziri mkuu wake, na siku tisa baadaye Kanali Mobutu anachukua madaraka. Lumumba akabaki amefungiwa nyumbani, askari wa Umoja wa Mataifa wakimlinda, na askari wa Mobutu wakiwazunguka hao wa Umoja wa Mataifa.

Usiku wa tarehe 27 mwezi wa kumi na moja alitoroka. Alikuwa anaelekea Stanleyville, Kisangani ya leo, ambako watu wake walikuwa na nguvu. Angefika, pengine historia ya mashariki yote ingekuwa nyingine. Lakini njiani watu walimsimamisha wamsikilize, naye alishindwa kupita bila kuwahutubia. Kwenye mto Sankuru alivuka kwanza, huku mke wake Pauline na mtoto wao Roland wakibaki ng'ambo. Askari waliwakuta. Lumumba akarudi. Sehemu hii ya filme haina kelele nyingi, na ndiyo inayoumiza kuliko zote, hasa kwa mtu aliyewahi kukimbia na kuacha wake upande wa pili.

Tarehe 17 mwezi wa kwanza 1961, yeye, Mpolo na Okito walipelekwa kwa ndege hadi Elisabethville, wakipigwa njiani. Usiku uleule walipigwa risasi porini. Tshombe na mawaziri wake walikuwepo, na maafisa Wabelgiji walikuwepo. Kisha polisi Mbelgiji, Gerard Soete, akapewa kazi ya kupoteza miili. Aliikata na kuiyeyusha kwa asidi.

Sasa, kuthibitisha. Filme peke yake haithibitishi kitu. Kilichovunja uongo wa Munongo ni karatasi ambazo watu walisahau kuzichoma, na wazee walioamua kusema. Mwaka 1975 tume ya Senati ya Marekani ilionyesha kwamba CIA ilituma sumu Léopoldville mwaka 1960 ili Lumumba auawe, ingawa sumu hiyo haikutumika. Mwaka 1999 mwandishi Mbelgiji Ludo De Witte alitoa kitabu kilichofungua hifadhi za Brussels. Ndani yake kuna telegramu ya mwezi wa kumi 1960 ambamo waziri wa mambo ya Afrika, d'Aspremont Lynden, aliandika juu ya kumwondoa Lumumba kabisa. Soete mwenyewe alisema mbele ya kamera alichofanya, akaonyesha meno.

Bunge la Ubelgiji likaunda tume. Mwisho wa 2001 ilisema Ubelgiji una jukumu la kimaadili, lakini haikupata amri ya serikali iliyoandikwa ya kuua. Mwaka 2002 serikali iliomba radhi. Jino moja lilikamatwa mwaka 2016 kwa familia ya Soete, likarudishwa kwa watoto wa Lumumba mwezi wa sita 2022, likapitishwa Onalua, Kisangani na Lubumbashi mbele ya kuzikwa Kinshasa. Mwaka 2025 mwendesha mashtaka wa Brussels aliomba Étienne Davignon, aliyekuwa mwanadiplomasia kijana wakati ule, afikishwe mahakamani. Yeye alikana.

Kuna pahali filme inakwenda mbele ya karatasi. Inamweka Frank Carlucci, aliyekuwa ubalozi wa Marekani, katika mkutano unaozungumzia kifo cha Lumumba. Carlucci alikana, na televisheni moja ya Marekani ilipoonyesha filme hiyo ilifuta sauti pale jina lake linapotajwa. Hapo mtazamaji awe macho: mchoro wa Peck ni mzuri, lakini si kila mstari una sahihi chini yake.

Huku nako kuna majina yanayongojea. Enoch Nyamwisi Muvingi, mwanasiasa wa Beni na Lubero, aliuawa Butembo mwezi wa kwanza 1993. Boulevard kubwa ya Beni inabeba jina la Nyamwisi, na vijana wengi wanaoipita kwa pikipiki hawajui alikufa namna gani. Kanali Mamadou Ndala, ambaye alikuwa mwanajeshi, aliuawa tarehe 2 mwezi wa kwanza 2014 karibu na Ngadi, na tangazo la kwanza lilitaja waasi. Baadaye mwaka uleule mahakama ya kijeshi, ikikaa Beni hadharani, ilihukumu hata afisa wa jeshi lenyewe. Waliofuata kesi ile siku kwa siku, wengine kwa redio, wengi wao wamehama tangu hapo. Kumbukumbu zao zimetawanyika pamoja nao.

Filme inaongea Kifaransa na inachukua karibu saa mbili. Wenye kuitazama na watoto wangojee dakika za kwanza zipite.