Mpagazi wa Unyamwezi Afikapo Bagamoyo

Mtalii wa leo afikapo Bagamoyo kwa matembezi ya siku moja huonyeshwa magofu ya Kaole na misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu, iliyoanzishwa mwaka 1868. Kisha huelezwa kwamba jina la mji latokana na maneno "bwaga moyo", kilio cha mtumwa aliyekata tamaa mbele ya bahari. Habari hiyo ina ukweli wake mchungu, kwa maana watumwa walipitishwa pwani ile hata baada ya mkataba wa 1873 uliokataza kuwasafirisha kwa vyombo. Walakini wengi walioingia mji ule kutoka bara hawakuwa wa kuuzwa. Walikuwa wapagazi, hasa Wanyamwezi, watu huru waliobeba kwa ujira.

Tumchukue mtu mmoja wa Unyanyembe, tuseme wa upande wa Ntalikwa, ambayo leo ni kata ya manispaa ya Tabora. Kutoka kwake hata baharini ni kilomita 800 hivi. Burton na Speke waliondoka pwani mwezi wa Juni 1857 wakafika Kazeh, ndiyo Tabora, tarehe 7 Novemba. Wanyamwezi wenyewe waliweza kwenda upesi zaidi. Begani ana pembe ya ndovu, au mzigo wa frasila mbili, yaani ratili 70, na juu yake chungu, mkeka na silaha. Amevuka nyika ya Mgunda Mkali yenye kiu; amepita Ugogo, ambako watemi walitoza hongo. Kwao, kijana asiyeifanya safari hii hakuhesabiwa bado kuwa mwanamume kamili.

Basi siku ya kuingia mjini haikuwa siku ya kujikokota. Kirangozi alitangulia na bendera, amevaa joho jekundu na manyoya kichwani, ngoma zikipigwa na bunduki zikilia. Mji ulikuwa ukiwangoja kwa hamu: mawakala wa wafanyabiashara walikwisha kwenda njiani siku nyingi kabla, wakawapa wenye pembe zawadi ili wasiingie nyumba ya mwingine. Mwenye duka Mhindi alitandaza merikani, kaniki, shanga na masango; jumbe alidai ada yake; mgema na mvuvi walipata wanunuzi. Watu hao wote walikula kwa bega la mgeni, na huku wakimwita mshenzi. Nadhani dharau hiyo ndiyo iliyomfuta katika hadithi ya mji. Sewa Haji, aliyefariki mwaka 1897, alitajirika kwa kuwapatia wasafiri wa Ulaya bidhaa na wapagazi, na jina lake limebaki katika shule na hospitali. Majina ya wapagazi wenyewe hayakuandikwa popote mjini.

Wala tusimfanye kuwa mtu wa raha tupu. Ndui ilifuata misafara, na kipindupindu cha miaka ya 1869 na 1870 kiliua watu wengi pwani na njiani. Lakini alijua thamani yake. Wazungu walijaza vitabu malalamiko kwamba wapagazi ni watoro na wakaidi. Asomaye kwa makini ataona kwamba mara nyingi watu hao walikuwa wakidai posho, au wakikataa mzigo uliozidi desturi. Kwa mtu wa namna hii "bwaga moyo" ina maana nyingine, ambayo baadhi ya wenyeji nao huitaja: tua mzigo, moyo utulie.

Reli ya Wajerumani, iliyoanzia Dar es Salaam na siyo Bagamoyo, ilifika Tabora mwaka 1912, nayo kazi ya njia ile ikafa karibu mara moja. Miaka miwili baadaye vita vilizuka. Wajerumani, kisha Wabelgiji walioiteka Tabora mwezi wa Septemba 1916, na Waingereza pia, wakawakusanya watu wa nchi ile wabebe mizigo ya majeshi. Na safari hii mabega yao hayakuombwa, yalichukuliwa kwa nguvu.