Sikukuu Ugenini: Krismasi za Daktari Livingstone

Mtu akiwa ugenini, siku za kazi hazimwumizi sana. Huamka, hulifanya lile lililomleta, na jioni uchovu humlaza. Lakini sikukuu ifikapo, kazi husimama, na moyo hupata nafasi ya kukumbuka. Hapo ndipo mgeni hujua jinsi alivyo mbali. Hujiuliza: Leo nyumbani wanapika nini? Ni nani aliyeketi mahali pangu? Jambo hili si la taifa moja wala la dini moja. Mwislamu aliye safarini siku ya Idi hulijua, na Mkristo aliye mbali siku ya Krismasi hulijua vile vile.

Katika insha hii tutazitazama Krismasi chache za msafiri mmoja, Daktari David Livingstone, ambaye mara nyingi sikukuu hiyo ilimkuta katika misitu na miji ya Afrika. Habari zake zimesomwa sana kuwa ni habari za mito na maziwa. Hapa hatutapima mito. Tutauliza swali jingine: mtu aliye mbali na kwao huifanyaje sikukuu yake, na ni nani wanaomwezesha kuifanya?

Livingstone alizaliwa Blantyre, katika nchi ya Uskoti, tarehe 19 Machi 1813. Alipokuwa na umri wa miaka kumi alianza kazi katika kiwanda cha kusokota pamba. Yafaa tujue jambo moja ambalo huenda likamshangaza msomaji. Katika Uskoti ya siku zile Krismasi haikuwa sikukuu kubwa. Tangu karne ya 16 viongozi wa kanisa la nchi hiyo waliikataa, kwa kuwa hawakuona amri yake katika Maandiko, na watu wakaushangilia zaidi Mwaka Mpya. Ni katika mwaka 1958 tu tarehe 25 Desemba ilipofanywa siku ya mapumziko kwa wote katika Uskoti. Hata hivyo, mtu huyu wa Blantyre alipokuwa Afrika hakuiacha siku hiyo ipite bila neno katika daftari yake. Ugeni una tabia hiyo. Jambo ambalo mtu hakulijali sana alipokuwa kwao, huwa kubwa machoni pake akiwa mbali.

Safari yake ya mwisho ilianza mwaka 1866, aliposhuka pwani karibu na mto Ruvuma akaelekea bara. Kabla mwaka haujaisha, wengi aliotoka nao walikuwa wamekwisha mwacha. Siku ya Krismasi ya 1866 alikuwa amevuka mto Luangwa, katika nchi ambayo leo ni Zambia, na chakula kilikuwa haba. Siku hiyo mbuzi wake wanne walipotea. Hakujua kama waliibwa au walipotelea msituni. Kwetu sisi mbuzi wanne si hasara ya kuandikwa katika historia. Lakini yeye alisikitika sana, kwa sababu maziwa kidogo ndiyo yaliyompa nguvu ya kula chakula cho chote kilichopatikana. Hiyo ndiyo Krismasi yake: hakutamani nyama choma wala mkate mtamu, bali kikombe cha maziwa, nacho hakukipata.

Miaka minne baadaye, Krismasi ya 1870 ilimkuta Bambarre katika nchi ya Manyema, ambayo sasa ni sehemu ya Kongo. Vidonda vya miguu vilikuwa vimemlaza muda mrefu, naye alikuwa akingoja watu na mali. Mwezi wa Julai 1871, katika soko la Nyangwe, aliona kwa macho yake watu wa wafanya biashara wakiwapiga risasi wanawake na wanaume waliokuja kununua na kuuza. Maono hayo yalimvunja moyo. Akarudi Ujiji, kando ya ziwa Tanganyika, akiwa mgonjwa na amekonda, akitumaini kuikuta mali aliyopelekewa kutoka pwani. Alikuta imekwisha kuuzwa na mtu aliyekabidhiwa. Mkono mtupu haulambwi, na mzee huyu alikuwa na mikono mitupu katika mji usio wake.

Katika hali hiyo ndipo Henry Morton Stanley alipomfikia, mwishoni mwa mwaka 1871. Stanley naye alikuwa mgeni kuliko watu wengi walivyodhani. Alizaliwa Wales mwaka 1841 kwa jina la John Rowlands, akalelewa katika nyumba ya maskini, na katika ujana wake akaenda Marekani, ambako alijipatia jina jipya. Alimletea Livingstone mfuko wa barua zilizokuwa na umri wa zaidi ya mwaka mmoja. Mzee aliuweka mfuko magotini, akasoma barua moja au mbili za watoto wake, na uso wake ukang'aa. Kisha akaomba habari za ulimwengu. Akaambiwa kwamba Mfereji wa Suez umefunguliwa, na kwamba reli imeikata Marekani toka bahari hata bahari. Mambo hayo yote yalitukia mwaka 1869, naye alikuwa hajui.

Krismasi ilipokaribia, wawili hao walikata shauri kuifanya sikukuu kama ifanywavyo kwao. Stanley alikuwa ametoka katika homa usiku uliotangulia. Asubuhi aliamka dhaifu, akamwita mpishi wake, Faraji, akampa hotuba juu ya ukubwa wa siku hiyo kwa Wazungu, na jinsi vyakula vinavyotakiwa kupikwa. Sokoni Ujiji, na kwa mzee Mwinyi Heri, vilipatikana vitu vingi vizuri: kondoo wa mkia mnono, mbuzi, mayai, maziwa mabichi, ndizi, unga laini, samaki, vitunguu, viazi vitamu na pombe. Haikukosekana kitu. Lakini nyama iliyookwa iliharibika, na mchanganyiko wa mayai na maziwa uliungua. Karamu ikawa si karamu. Stanley anaandika kwamba Faraji aliepuka kipigo kwa sababu tu yeye mwenyewe hakuwa na nguvu za kuinua mkono. Na kwamba mpishi alicheka tu, na huenda baadaye akakila chakula hicho kilichowashinda mabwana zake.

Mwanafunzi wa historia asicheke upesi pamoja na Stanley. Habari hii tunaipata kwa kalamu ya mtu mmoja, tena mwenye njaa na aliyetoka kuugua. Faraji hakuandika lo lote. Kama angaliandika, pengine tungalisoma kwamba aliamriwa asubuhi moja kupika chakula cha nchi asiyoijua, kwa maelezo ya mtu mwenye homa, juu ya moto wa kuni. Pengine tungalijua pia kwa nini alicheka. Shahidi mmoja anatosha kutupa habari, lakini hatoshi kutupa hukumu.

Tena tuwatazame watu wa siku hiyo kwa ukamilifu. Mwinyi Heri, aliyekuwa mkubwa wa watu wa pwani waliokaa Ujiji, alikuwa mtu wa Mrima. Kwao kulikuwa mbali, upande wa bahari. Wapagazi walitoka Unguja, Unyamwezi na kwingineko. Mskoti, mtu wa Wales, mtu wa Mrima: wote walikuwa wageni katika nchi ya Wajiji, na vyakula vya karamu vilitoka katika mashamba na ziwa la wenyeji. Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Siku ile ilikuwa kinyume: wageni walipona kwa soko la wenyeji.

Tarehe 27 Desemba waliondoka Ujiji pamoja, wakaenda Unyanyembe. Stanley alimsihi mzee arudi kwao akapumzike na kuwaona watoto wake. Livingstone alikataa. Alitaka kwanza kuijua asili ya mto Nile, na katika jambo hilo alikosea, kwa kuwa mito aliyoifuata ilikuwa ya Kongo. Mwezi wa Machi 1872 waliagana, wasionane tena. Hapa twaona kwamba ugeni wake haukuwa kifungo. Njia ya nyumbani ilifunguliwa mbele yake, naye akachagua kubaki.

Krismasi iliyofuata, ya mwaka 1872, ilikuwa yake ya mwisho. Mvua zilikuwa nyingi, naye alikuwa akiliendea ziwa Bangweulu. Siku hiyo alimshukuru Mungu, akachinja ng'ombe, na akampa kila mtu wa msafara wake fundo moja na nusu la ushanga. Linganisheni siku hii na ile ya 1866. Siku ile aliandika juu ya alichopoteza. Siku hii aliandika juu ya alichotoa. Mwaka wa Ujiji alijaribu kuirudisha karamu ya kwao, isiwezekane. Mwaka huu hakuiga kitu. Aliifanya sikukuu kwa vitu vilivyokuwapo, pamoja na watu waliokuwapo, nayo haikuharibika.

Watu hao walikuwa nani? Chuma alikuwa Myao, aliyeokolewa katika mikono ya wafanya biashara ya watumwa mwaka 1861. Susi alitoka Shupanga, katika bonde la Zambezi. Wengine walikuwa wametekwa utotoni, wakaokolewa baharini, wakasomeshwa Nasik katika Bara Hindi, na hata majina wakapewa mapya. Jacob Wainwright alikuwa mmoja wao. Livingstone alikuwa na barua za watoto wake na kijiji cha kukumbuka. Lakini mtoto aliyeporwa kwao kabla hajajua jina la wilaya yake, sikukuu ifikapo, aikumbuke nyumba gani? Ugeni wao ulikuwa mzito kuliko wa bwana wao, wala hawakuuchagua.

Livingstone alifariki mwanzoni mwa Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo. Wenzake waliuzika moyo wake hapo, wakaukausha mwili, wakaubeba hata Bagamoyo, walikofika Februari 1874. Kwa hiyo Krismasi ya 1873 iliwakuta njiani kati ya Unyanyembe na pwani, wakiwa wamebeba maiti ya mtu aliyewagawia ushanga Krismasi iliyopita. Walikuwa wakimrudisha mgeni kwao. Tarehe 18 Aprili 1874 alizikwa London, katika kanisa la Westminster Abbey, na Wainwright alikuwapo.

Mmoja wa wabebaji hao, Matthew Wellington, alikuwa Myao aliyesomeshwa Nasik. Baadaye alikaa Mombasa, katika Frere Town, makao ya watumwa walioachwa huru, akaishi huko hata alipokufa mwaka 1935. Huyo hakurudi Uyaoni. Alifanya kwao mahali pengine, miongoni mwa wengine waliopotezwa kama yeye, na Krismasi zake za uzeeni alizila Kenya.

Basi, msomaji, usomapo habari za msafiri mkubwa aliyeila sikukuu yake mbali na kwao, usiishie kwake. Uliza ni nani aliyekwenda sokoni, ni nani aliyewasha moto, ni nani aliyebeba mizigo kesho yake, nao walitoka wapi. Mara nyingi utaona kwamba karamuni palikuwa na wageni wengi kuliko waliotajwa, na kwamba yule aliyetajwa asingaliiona siku hiyo pasipo wale wasiotajwa.