Bwana Harusi Mgeni wa Kariakoo

Waingereza waliiteka Dar es Salaam mwaka 1916 na kuweka kambi ya wapagazi wa vita mahali panapoitwa leo Kariakoo. Vita vilipokwisha, eneo likapimwa viwanja vya Waafrika, Mnazi Mmoja ikiachwa wazi kulitenga na Uhindini.

Wakaja Wamanyema, Wangazija, na Washihiri kutoka Hadhramaut waliofungua maduka na migahawa. Wengi walikuja peke yao, wakaoa hapahapa. Wanawake kadhaa wa Kariakoo walikuwa na nyumba zao za vyumba sita, wakapangisha, na mume mgeni akahamia kwa mkewe bila aibu yoyote. Wazee wa mtaa walitaka posa, mahari na mashahidi. Pasipoti haikuwa hoja yao.

Sheria ilishika njia nyingine.

Oktoba 1961, katika Ukumbi wa Karimjee, wabunge walijadili nani awe raia wa Tanganyika huru. Baadhi walitaka uraia ufuate rangi. Nyerere akatishia kujiuzulu, na akashinda. Ushindi ule ulikuwa mkubwa, lakini ubaguzi mmoja ulibaki: mke wa raia alipewa haki ya kuandikishwa, mume wa raia hakupewa. Sheria ya Uraia ya 1995 ikaurithi. Mwanamume huyo hupita njia ya kila mgeni: miezi 12 mfululizo nchini kabla ya kuomba, na miaka 7 kati ya 10 iliyotangulia. Watoto wake ni raia kupitia mama yao.

Hapo ndipo wengi hukwama. Mtu ameingia kwa viza ya matembezi, amefunga ndoa Ilala, siku zimepita. Cheti cha ndoa hakifuti kosa la kuzidisha muda. Itambidi ajisalimishe Uhamiaji, alipe anachotozwa na kuomba kibali cha ukaazi, akijua kwamba anaweza kushtakiwa au kuondoshwa nchini. Na katika uraia, kumwekea binti wa Kariakoo mzigo ambao kaka yake aliyeoa mgeni habebi ni dhuluma. Kenya iliusawazisha katika Katiba ya 2010: ndoa ya miaka 7 humpa haki mume au mke.

Julai 2025 mlango ulizidi kubana. Amri ya Wizara ya Viwanda na Biashara iliwakataza wasio raia biashara 15, rejareja ikiwamo. Mgeni anayeendesha duka la mkewe Msimbazi anaweza kutozwa faini isiyopungua shilingi milioni 10, na kufutiwa viza na kibali.