Sightsavers: Kazi ya Macho Iliyoanzishwa na Asiyeona

Mwaka 1931, katika somo la kemia kwenye shule moja ya Scarborough, Uingereza, kemikali iliyotoka kwenye chupa yenye lebo isiyo yake ililipuka usoni mwa mvulana wa miaka 12. John Wilson hakuona tena. Januari 1950 alianzisha taasisi ambayo leo inajulikana kama Sightsavers, nasi wa Arusha tuna kila sababu ya kuienzi.

Wilson alisoma sheria Oxford, kisha akaajiriwa na taasisi ya wasioona ya nchini mwake. Mwaka 1946 alianza safari ndefu ya Afrika na Mashariki ya Kati kuchunguza hali ya wasioona katika makoloni. Aliwakuta barabarani wakiomba, na akabaini kuwa wengi wao walipofushwa na maradhi yanayozuilika au kutibika. Wengi waliomtangulia walijenga makao na kugawa sadaka. Yeye aliuliza kwa nini mtu apofuke, na aliyekwisha kupofuka afanye kazi gani apate riziki yake. Swali hilo la pili haliji upesi kwa anayeona, na naamini ndilo lililoipa taasisi hii uhai wake wote.

Jina la kwanza la taasisi lilibeba dola ya Uingereza. Dola ilipopukutika likabadilishwa kuwa la Jumuiya ya Madola, mpaka likaja hili la sasa. Mkewe Wilson, Jean, naye ana haki yake katika historia hii. Walipokwenda kaskazini mwa Ghana kuona vijiji vilivyoharibiwa na usubi, ni yeye aliyeupa ugonjwa ule jina jepesi la upofu wa mtoni, kwa kuwa nzi wanaoueneza huzaliana kwenye mito iendayo kasi. Kwetu Tanzania usubi uliwatesa watu wa Mahenge, Tukuyu na milima ya Tanga. Mwaka 1987 ilitangazwa kuwa dawa yake itatolewa bure.

Lakini tukio linalotugusa zaidi sisi tunaoishi chini ya Meru ni la 1969. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa changa, ina miaka miwili tu, na makao yake yalikuwa hapa Arusha. Taasisi ya Wilson ikawakusanya vijana saba wasioona kutoka Kenya, Uganda na Tanzania, wakafanya mazoezi Loitokitok, kisha wakapanda Kilimanjaro. Aliyepita Kibo anajua changarawe zile: unapiga hatua moja, nusu yake inakurudisha chini, na hewa haitoshi kifuani. Vijana wale walifika juu. Habari zao zilikwenda mbali, na mzazi aliyekuwa akimficha mtoto wake ndani alipata jambo la kufikiria.

Kwa mtoto huyo, Wilson alitaka shule ya kawaida, pamoja na wenzake wa mtaani. Jambo hili lina gharama, na gharama yake inaonekana hapo Tengeru, katika Chuo cha Ualimu Patandi kinachoandaa walimu wa elimu maalumu. Mwandishi wa nukta nundu, yaani maandishi ya wasioona, hubana karatasi nene kwenye kibao chenye vijumba vya nukta sita sita, akatoboa kwa kalamu ya ncha, kutoka kulia kwenda kushoto, kila herufi akiigeuza, kwa sababu karatasi itasomwa upande wa pili. Kitabu kimoja cha darasani hutoka majuzuu kadhaa. Shule ikimpokea mtoto asiyeona bila mwalimu anayejua kazi hii, imempa dawati tu.

Na kuna vikope, yaani trakoma. Wafugaji wa Longido, Monduli na Ngorongoro, tunaopishana nao kila Agosti kwenye viwanja vya Nane Nane hapa Themi, wanaujua vizuri ugonjwa huu. Vimelea husambazwa kwa mikono, nguo na nzi wanaotua kwenye nyuso za watoto. Mtu akiambukizwa mara nyingi, kope za juu hupata makovu, zikajikunja ndani, na kila anapopepesa jicho nywele zinalikwaruza. Wanawake huumia zaidi kwa kuwa ndio walezi. Wapo wanaong'oa nywele hizo kwa kibanio, zikaota tena. Upasuaji wa kuirudisha kope mahali pake ni mdogo. Hufanyika kwa ganzi, na mgonjwa huenda nyumbani siku hiyo hiyo.

Wilson alistaafu mwaka 1983, akafariki mwaka 1999. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kuwa jirani zetu wa Malawi wametokomeza trakoma kama tatizo la afya ya jamii, na Sightsavers ilikuwa miongoni mwa waliosaidia. Kingatiba na upasuaji vinaweza kufikishwa umasaini kwa gari. Maji ya kumnawisha mtoto uso kila siku yanahitaji bomba na kisima, na hapo kazi iko mikononi mwa halmashauri zetu.