Gurudumu, Mpira na Tairi: Historia Fupi ya Istilahi za Pikipiki za Kale Nachingwea na Ruangwa

Tangu Bunge lilipopitisha, mwaka 2021, marekebisho yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria za Tanzania, wafasiri wetu wamebebeshwa mzigo ambao zamani ulikuwa wa wachache. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, mathalani, haina budi kusomeka kwa Kiswahili ambacho askari, hakimu na mwendesha pikipiki watakielewa kwa maana moja. Na humo mna jambo linaloonekana dogo: kile kitu cheusi cha mviringo kinachogusa ardhi tukiiteje? Wako wanaoandika gurudumu, wako wanaoandika mpira, na wako wanaoandika tairi. Tena mara nyingine mtu yule yule huyaandika yote matatu katika ukurasa mmoja. Ofisi ikiagiza "mipira 20 ya pikipiki" na mwuzaji akaleta mipira ya ndani, nani mkosaji?

Makala haya yanajaribu kulitazama jambo hilo kwa kufuata historia, na mahali palipochaguliwa ni Nachingwea na Ruangwa, katika Mkoa wa Lindi. Sababu ya kuchagua huko ni kwamba mpira wenyewe, kwa maana ya utomvu, ulikuwa zao la misitu ya kusini kabla tairi halijafika. Na kwamba baadaye Nachingwea ilipata kuwa mojawapo ya vituo vikubwa vya mitambo katika nchi hii.

Tuanze na mpira. Neno hili liko katika ngeli ya miti: mpira huu, mipira hii, kama mti, mkorosho na mwembe. Si bahati tu. Kabla ya kuwa kitu cha kuchezea watoto, mpira ulikuwa mmea, mtambaazi wa mwituni unaopanda juu ya miti mingine na kutoa utomvu mweupe ukichanjwa gome. Katika robo ya mwisho ya karne ya 19 utomvu huo ulikusanywa kwa wingi katika nchi za nyuma ya Kilwa na Lindi, ukagandishwa, ukaviringwa kuwa madonge, ukabebwa vichwani hadi pwani na kuuzwa ng'ambo. John Kirk, konseli wa Uingereza huko Unguja, alikuwa pia mtaalamu wa mimea, na mmoja wa mitambaazi hiyo hata leo waitwa kwa jina lake katika elimu ya mimea: Landolphia kirkii. Baadaye Wajerumani walianzisha mashamba ya miti ya mpira iliyotoka Amerika ya Kusini, lakini bei ilipoanguka mwaka 1913 mashamba hayo yakapoteza thamani karibu kwa mara moja. Basi donge la utomvu likitupwa chini hudunda, na si ajabu kwamba jina la mmea likawa jina la mata, kisha jina la kila kitu kilichofanywa kwa mata hiyo: mpira wa miguu, mpira wa kumwagilia bustani, mpira wa gari.

Huko Ulaya na Marekani mambo yalikuwa yakienda upande wao. Charles Goodyear alipata mwaka 1839 njia ya kuupika mpira pamoja na salfa ili usilainike kwa joto wala kukakamaa kwa baridi. Robert William Thomson alipata hataza ya tairi la upepo mwaka 1845, ila halikupata soko; kisha mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo huko Belfast, akalibuni upya kwa ajili ya baiskeli. Uhitaji wa baiskeli, na motokaa baada yake, ulizidi kupandisha bei ya mpira. Kwa hiyo mtu wa kusini aliuza mpira ukiwa donge, na mwanawe akaununua ukiwa tairi. Jina la pili lilikuja pamoja na bidhaa, kutoka Kiingereza, likaingia katika ngeli ya ji- na ma-: tairi hili, matairi haya. (Wako wasemao tairi hii, tairi hizi, kwa kufuata maneno mengine ya mkopo. Walimu wasiwapige watoto kwa hilo, lakini katika maandishi ya serikali yafaa kushika moja.)

Gurudumu ni jambo jingine kabisa. Neno hilo lilikuwapo pwani kabla ya motokaa, nalo lilitaja kitu kizima kinachozunguka, kiwe cha gari la kukokotwa au cha mzinga. Gurudumu la mti halina tairi, na bado ni gurudumu. Mfasiri anayeandika "gurudumu" mahali pa "tairi" anavunja tofauti ambayo lugha yetu imeishika kwa zaidi ya karne moja. Katika sheria kosa hilo lina gharama, kwa maana mtu aweza kuwa na magurudumu mazima kabisa, yenye spoki zilizonyooka na ekseli imara, lakini tairi lake likawa kipara. Akishitakiwa kwa "gurudumu bovu" atasema kweli akikana.

Sasa Nachingwea. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianza ule Mpango wa Karanga, uliokusudia kulima ekari zaidi ya milioni tatu ili kuondoa upungufu wa mafuta ya kula baada ya vita. Vituo vyake vilikuwa Kongwa, Urambo na Nachingwea. Yaliletwa matrekta yaliyokwisha tumika vitani, na hata vifaru vikageuzwa kuwa matrekta. Ikajengwa reli kutoka pwani hadi Nachingwea, na bandari mpya Mtwara. Mwanzoni mwa mwaka 1951 mpango ulitangazwa kuwa umeshindwa, baada ya kumeza mamilioni ya pauni, na reli ile iking'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Karanga hazikuonekana za kutosha, lakini kambi za mitambo za namna ile zilikuwa pia shule za maneno. Fundi aliyekabidhiwa spana na kuonyeshwa kazi kwa vidole hakungoja kamati. Alilishika neno kama alivyolisikia. Hivyo ndivyo maneno kama spana, boliti, gia, ringi na pancha yalivyopata uraia katika Kiswahili cha karakana nchini kote, na si rahisi leo kuyanyang'anya uraia huo.

Reli ilipoondoka, barabara ya udongo ndiyo iliyobaki kuwa njia kuu, na kwa mtu mmoja chombo kilichofaa kilikuwa pikipiki. Hapa Kiswahili hakikukopa. Watu walisikiliza mlio wa mashine wakaiita pikipiki, na wengine tukutuku, na majina yote mawili yakaelewa vizuri kuliko jina lolote ambalo kamati ingelipika. Katika miaka ya 1970 na 1980 pikipiki katika wilaya hizi ilikuwa chombo cha bwana shamba, mratibu wa elimu, padri na mganga. Kwa kawaida Honda au Yamaha. Ruangwa ilipofanywa wilaya mwaka 1995 wingi wa bodaboda ulikuwa haujaanza. Ulikuja katika karne hii, kwa pikipiki za bei nafuu kutoka China na India, na mwaka 2010 zikatungwa kanuni za leseni kwa pikipiki za kubeba abiria.

Katikati ya wingi huo zimebaki pikipiki za zamani, na hizo ndizo zinazotufundisha kuhusu istilahi, kwa sababu mwenye pikipiki mpya huenda dukani na kusema "nipe la nyuma", akapewa. Mwenye ya zamani lazima aseme anachotaka. Kwanza aiteje yenyewe? Tuna maneno matatu yasiyolingana. Kuukuu ni kilichochakaa kwa matumizi, hata kama kina miaka mitano. Mkweche ni kilichochakaa hadi kuchekwa. Kale hutaja umri na heshima pamoja. Kwa pikipiki iliyotunzwa kwa ajili ya umri wake, neno ni "pikipiki ya kale", na mfasiri asijaribu kuunda jingine.

Tuchukue mtu wa Nachingwea aliyerithi BSA M20, ile pikipiki ya jeshi la Uingereza katika Vita Kuu ya Pili. Tairi lake ni 3.25-19. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa inchi. Ya pili ni kipenyo cha ringi, wala si cha tairi lenyewe. Wengi hukosea hapa, na kosa hilo lina asili yake. Katika utaratibu wa zamani zaidi watengenezaji waliandika kipenyo cha nje kwanza: tairi lile lile liliitwa 26 x 3.25. Toa unene wake mara mbili, utapata inchi 19 na nusu. Na ringi yenyewe ni ya inchi 19. Kitabu cha zamani cha pikipiki chaweza kusema 26, duka likasema 19, na wote wawili wakawa sahihi. Mfasiri asiyejua historia hiyo atadhani kuna kosa la chapa na "kulisahihisha".

Halafu kuna utaratibu wa tatu, wa milimita. Tairi lililoandikwa 90/90-18 lina upana wa milimita 90, na kimo cha ubavu ambacho ni asilimia 90 ya upana huo, yaani milimita 81. Lakini ringi bado yapimwa kwa inchi. Tairi hilo hutumika badala ya 3.00-18 katika pikipiki nyingi, ijapokuwa 3.00 ni milimita 76 tu. Ni mchanganyiko wa ajabu, lakini ndio ulioandikwa ubavuni. Twapendekeza istilahi tatu zisizobadilika: upana wa tairi, kimo cha ubavu, na kipenyo cha ringi. Neno "saizi" peke yake lisitumike katika mkataba wala katika maagizo ya ununuzi, kwa maana halisemi kipi kimepimwa.

Bodaboda za leo nyingi hutumia ringi za inchi 17 na 18, na maduka ya miji midogo huweka kinachouzika. Mwenye ringi ya inchi 19 ataambiwa achukue la 18 "litanyooka tu". Halinyooki. Ukingo wa ndani wa tairi una waya usiovutika, nao ndio unaolishikilia tairi kwenye ringi. Hivyo njia ni mbili tu, kuagiza la 19 kutoka mbali, au kusuka gurudumu upya kwa ringi ya 18. Ya pili yawezekana, lakini pikipiki itashuka, na mita ya mwendo itadanganya kidogo. Zingatia pia kwamba sentensi hizi zisingeandikika kama gurudumu, ringi na tairi yangekuwa neno moja.

Kisha kuna mzigo. Ubavuni huandikwa namba ndogo inayotaja uzito ambao tairi moja laweza kubeba: 45 maana yake kilo 165, na 50 maana yake kilo 190. Herufi inayofuata hutaja mwendo. P ni kilometa 150 kwa saa. Kwa mtu anayebeba gunia la ufuta au la korosho kutoka Ruangwa, namba ni muhimu kuliko herufi, nayo haina jina la Kiswahili lililokubaliwa. "Namba ya mzigo" yatosha. Tabaka za nyuzi zilizo ndani ya mpira ziitwe tabaka, na tairi la kale ambalo nyuzi zake hukatana kwa mshazari liitwe tairi la nyuzi mshazari. Mshazari ni neno letu la siku nyingi, lisilohitaji ufafanuzi kwa yeyote aliyewahi kukata nguo.

Kuhusu sura ya nje, pikipiki za Kiingereza za kale mara nyingi zilivaa mbele tairi lenye mifereji mirefu ya kuzunguka, linalofuata mstari vizuri juu ya lami. Katika udongo mwekundu wa Nachingwea, mvua zinapoanza Novemba au Desemba hadi Aprili, mifereji hiyo hujaa tope na tairi huwa kama sabuni. Panapotakiwa mapito ya namna hiyo, meno makubwa yaliyoachana ndiyo yafaayo, hata kama mpenda vitu vya kale atalalamika kuwa sura imeharibika. Basi mifereji ni nafasi, na meno ni yale yaliyoinuka. Kanuni ikitaka kutaja uchakavu, iseme kina cha mifereji. Na tairi lisilo na mifereji, watu wote wamekwisha kuliita kipara.

Umri nao huandikwa. Tangu mwaka 2000 matairi mengi hubeba tarakimu nne: 1219 ni juma la 12 la mwaka 2019. Kabla ya hapo tarakimu zilikuwa tatu. Tairi la vipimo adimu huweza kuwa limekaa dukani miaka kumi likiwa na meno mazima, na mpira ukawa umekauka na kupasuka ubavuni. Tairi la jinsi hiyo ni jipya kwa maana ya kutotumika, lakini ni la zamani kwa maana ya mata. "Tairi jipya" katika mkataba litajwe pamoja na juma na mwaka.

Limebaki suala la upepo. Wanafizikia wanalo neno kanieneo, zuri na lililoundwa kwa mantiki. Fundi husema upepo: jaza upepo, upepo umepungua. Katika kitabu cha shule kanieneo libaki. Katika mwongozo wa mwendeshaji iandikwe "kipimo cha upepo". Na kile kinachoushika upepo huo katika gurudumu la spoki, ambalo lingevujisha kupitia matundu yake, kiitwe mpira wa ndani. Kwa njia hiyo mpira utabaki na kazi mbili tu katika karakana, yaani mata yenyewe na mpira wa ndani, na kazi ya tatu itaachiwa tairi.

Tairi likiisha kabisa hukatwa kuwa viatu, navyo vyaitwa makatambuga. Hilo ni jina lililoundwa kwa kitenzi na nomino zetu wenyewe, bila kikao, na Kamati ya Istilahi haina la kuongeza.