Kompyuta imekataa waifai? Ngoja kabla ya kuifuta

Kompyuta ya nyumbani ikigoma kushika waifai, mafundi wengi hapa mtaani watakwambia Windows ipigwe upya. Picha za harusi ambazo hazikuhifadhiwa kwengine ndizo huenda na maji. Mimi, ndugu msomaji, huanzia kwengine.

Shika kitufe cha Windows pamoja na R, andika services.msc, kisha Enter. Orodha ndefu itafunguka. Hizo ni huduma, yaani programu zinazofanya kazi chini kwa chini bila ya wewe kuziona. Ya waifai yaitwa WLAN AutoConfig. Ibofye mara mbili, chagua Automatic, bonyeza Apply, halafu Start.

Ikikataa na kukuonyesha kosa namba 1068, hapo ndipo wengi hukata tamaa, na namba hiyo yakueleza jambo wazi kabisa: huduma hii yategemea nyingine ambayo haijaamka. Fungua sehemu ya Dependencies usome majina. Windows Connection Manager imo. Rudi kwenye orodha, iamshe hiyo kwanza. (Baadhi ya zile programu za "kuharakisha" kompyuta huzima huduma hizi. Mimi siziweki.)

Bado? Fungua Command Prompt kwa Run as administrator, andika netsh winsock reset, kisha uzime na kuwasha. Amri hii haigusi picha wala faili zako.

Ikishindikana, nakili picha kwenye flashi ndipo uende kwa fundi, na umtajie 1068.