Pesa, hela, shilingi: msamiati ulio mfukoni

Hapa chuoni tunasubiri bumu, kwa hiyo kila kona wimbo ni huo huo: pesa, hela, shilingi. Nikajiuliza, kitu kimoja majina matatu, yametoka wapi? Mtu anayesomea ualimu wa Historia na Kiswahili hawezi kuliacha hilo hivi hivi.

Pesa ilikuja na biashara ya Bahari ya Hindi. Ilikuwa sarafu ndogo ya shaba, na pesa 64 zilifanya rupia moja. Mwaka 1904 Wajerumani wakaweka hesabu ya mia: Heller 100 kwa rupia moja. Wazee wetu wakaitamka hela. Mjerumani akashindwa Vita ya Kwanza ya Dunia, akaondoka, neno lake likabaki midomoni. Akaja Mwingereza, na mwaka 1921 ikaingia shilingi ya Afrika Mashariki. Tanzania ikatoa shilingi yake mwaka 1966.

Sasa kwa nini nawasumbua na sarafu? Kwa sababu muda si mrefu tutatawanyika mashuleni kwa mazoezi ya kufundisha. Somo la msamiati wote tunalijua lilivyo: maneno ishirini ubaoni, maana mbele yake, nakilini, kesho jaribio. Keshokutwa yote yameyeyuka. Na mtoto asiye na maneno hukaa kimya hata kama jibu analo kichwani. Mwisho anaitwa mzito, naye anaamini.

Mimi naona tuanzie kwenye neno analolijua. Ukimpa stori ya hela, basi rupia, sarafu, thamani na ukoloni yanaingia yenyewe, yana pa kujishikiza. Kesho yake mpe shule, nalo la Kijerumani, alilinganishe na skuli ya Zanzibar iliyotoka kwa Mwingereza.

Ila asije akadhani maneno huja kwa meli tu. Kung'atuka ni la Kizanaki, na nchi nzima ililizoea Mwalimu Nyerere alipoachia urais mwaka 1985. Basi mtume mtoto akamuulize bibi yake neno moja la kilugha, alilete darasani, aeleze maana yake kwa Kiswahili na alitungie sentensi. Siku hiyo hata yule wa nyuma kabisa atakuwa na cha kusema.

Haya, mliokwisha kufundisha, hii inawezekana kwenye darasa la watoto themanini au naota? Semeni ukweli jamani.